"Shall" kwenye mkataba wako: nani hasa anaamriwa?

Swali: *Nimeajiriwa hivi karibuni na kampuni moja hapa Mwanza, na mkataba niliopewa ni wa Kiingereza. Karibu kila kifungu kina neno "shall". Kimoja kinasema "The Employee shall give one month's notice", kingine "The Employee shall be entitled to annual leave", kingine "The Employer shall endeavour to pay an annual bonus", na cha mwisho "This Agreement shall be governed by the laws of Tanzania". Shuleni tulifundishwa kwamba "shall" huenda na "I" na "we" tu, na kwamba maana yake ni wakati ujao. Je, hapa ni wakati ujao au ni lazima? Nikimweleza mwenzangu asiyejua Kiingereza, niseme "atafanya" au "lazima afanye"?*

Jibu: Ndugu msomaji, umenukuu sentensi nne zenye "shall" za aina nne, na ni moja tu kati yake inayokubana wewe. Kwa hiyo anayekwambia kwamba "shall" ni "lazima", basi, amekupa nusu ya jibu. Kila ukikutana na kitenzi hiki kwenye maandishi rasmi, jiulize kwanza: nani anaamriwa hapa? Ukimwona mtu au chombo kinachoweza kutii au kukaidi, umekutana na wajibu. Usipomwona, hiyo ni aina nyingine ya sentensi, hata kama inasikika kama amri.

Tuanze na notisi. Anayetajwa ni mwajiriwa, yaani wewe, na kutoa notisi ni jambo unaloweza kulifanya au kuacha kulifanya. Huo ni wajibu kamili. Ukiondoka bila notisi umevunja mkataba, na mwajiri anaweza kukudai. Angalia sasa kifungu kinachofuata, cha likizo. Nacho kinamtaja mwajiriwa, lakini huamriwi chochote. "Shall be entitled" inatangaza kwamba unayo haki. Mwenye wajibu ni mwajiri, ambaye kwenye sentensi hiyo hatajwi kabisa. Bahati njema ni kwamba sheria yenyewe imemtaja. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inatumia "shall" ya amri kwa mwajiri: ampe mwajiriwa likizo isiyopungua siku 28 mfululizo katika kila mzunguko wa likizo. Hata mkataba wako ungeandikwa kwa lugha legevu kiasi gani, hauwezi kuishusha haki hiyo chini ya kiwango cha sheria.

Kifungu cha bonasi ndicho ningependa ukisome mara mbili kabla ya kupanga matumizi ya mwisho wa mwaka. Mwajiri ametajwa, na "shall" ipo, na ni ya wajibu kweli. Lakini ni wajibu wa kufanya nini? Ni wa "endeavour", yaani kujitahidi. Hakuahidi kulipa bonasi. Ameahidi kujaribu kuilipa, na siku akionyesha kwamba alijaribu ikashindikana, hajavunja kitu. Mikataba mingi ya Kiingereza huficha ulegevu wake kwa namna hii, kwa kuweka neno zito mbele na kitenzi chepesi nyuma yake. Usiishie kwenye "shall". Soma na kitenzi kinachoifuata.

Cha mwisho, kuhusu sheria za Tanzania, hakimwamuru yeyote. Makubaliano hayawezi kutii wala kuasi. Ni tamko: mkataba huu unaongozwa na sheria za Tanzania, tangu mnapoweka saini. Waandishi wa siku hizi wangeandika "is governed" wakamaliza.

Kanuni mliyofundishwa shuleni haikuwa ya uongo, ila ina umri mkubwa. Mwaka 1653 Mwingereza John Wallis alichapa kitabu cha sarufi ya Kiingereza kwa Kilatini, akaeleza kwamba kwa nafsi ya kwanza "shall" hutabiri tu na "will" huahidi au hutisha, na kwa nafsi ya pili na ya tatu mambo hugeuka: "will" hutabiri na "shall" huahidi au hutisha. Walimu wa karne zilizofuata waliikariri, ikatufikia hadi sisi. Wanaosoma Biblia ya Kiingereza ya zamani wanaweza kuuona mpangilio huo mwishoni mwa Zaburi ya 23: "goodness and mercy shall follow me", kisha "I will dwell in the house of the Lord". Wema kuandamana nami ni ahadi iliyo imara. Mimi kukaa nyumbani mwa Bwana ni kusudio langu. Biblia yetu ya Kiswahili inasema "zitanifuata" na "nitakaa", kwa -ta- ile ile, na tofauti hiyo haionekani tena.

Nyuma kabisa, kabla ya Wallis na kabla ya sarufi yoyote, kitenzi hiki kilikuwa na maana ya kudaiwa. Katika Kiingereza cha kale "sceal" ilikuwa "nadaiwa", ndipo ikawa "sina budi", ndipo ikawa alama ya wakati ujao. Ndugu yake wa Kijerumani bado ana nomino "Schuld", ambayo ni deni na pia ni hatia. Kwa hiyo wanasheria hawakulibebesha neno hili uzito usio wake. Wao wameishika maana kongwe, na mtaani imebaki ile nyepesi. Nayo inafifia: kwa Kiingereza cha leo cha mazungumzo, watu wengi hawasemi tena "I shall go". "Shall" imebaki hai hasa kwenye maswali ya kuomba idhini au kupendekeza, kama "Shall I close the window?" au "Shall we go?" Hapo Kiswahili kina kifaa kinachokaa sawasawa: "Nifunge dirisha?", "Twende?" Ikumbuke hiyo -e ya mwisho, maana tutaihitaji.

Upande wa sheria zilizotungwa na Bunge, Tanzania imejaribu kumaliza ubishi kwa kifungu. Sheria ya Tafsiri ya Sheria, Sura ya 1, kifungu cha 53, inasema kwamba sheria ikitumia "may" kutoa mamlaka, mwenye mamlaka ana hiari ya kuyatumia au kuyaacha. Ikitumia "shall" kutoa jukumu, jukumu hilo ni lazima litekelezwe. Ungedhani hapo pameisha. Hapakuisha. Katika Rufaa ya Jinai Namba 118 ya 2006, Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilikuwa na kesi ambayo jaji hakumweleza mshtakiwa haki zake za kujitetea kama Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inavyotaka, na sheria hiyo ilisema "shall". Mshtakiwa alikuwa na wakili. Mahakama ikaamua kwamba "shall" za sheria hiyo si za lazima kwa namna ya kifungu cha 53. Zinasomwa pamoja na kifungu cha 388 cha sheria hiyo hiyo, kisemacho kwamba kasoro ya mwenendo haibatilishi hukumu mpaka iwe imeleta ukosefu wa haki. Kwa maneno mengine, usiulize tu kama amri ilikiukwa, uliza pia kama ukiukaji huo ulimuumiza mtu.

Ongeza jambo moja ambalo wengi hulisahau: kifungu cha 53 kinahusu sheria zilizoandikwa. Mkataba wako si sheria ya Bunge. Mgogoro ukifika mbele ya mwamuzi au jaji, ataangalia mlikusudia nini mlipoandika, na "shall" itakuwa ushahidi mzito wa wajibu, lakini haitakuwa mwisho wa hoja.

Pengine unaona haya ni mambo ya kuchambua herufi. Tazama basi sheria za jinai, ambako uhai wa mtu umetegemea maneno yanayofuata "shall". Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kifungu cha 197, inasema aliyetiwa hatiani kwa mauaji "shall be sentenced to death". Mtendaji amefichwa, lakini anajulikana: anayetoa adhabu ni mahakama peke yake. Kwa hiyo anayeamriwa ni jaji, naye hana pa kuchagua. Makosa mengine yanatumia "shall be liable to" kifungo cha miaka kadhaa, au hata kifo. Msomaji wa kawaida ataona sentensi mbili zinazofanana. Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ya zamani, katika kesi ya Opoya dhidi ya Uganda ya mwaka 1967, ilieleza kwamba hazifanani kabisa. "Liable" inaweka kilele cha adhabu, na chini ya kilele hicho jaji ana hiari yake. Mfasiri akiandika "atahukumiwa" kwa zote mbili, amewaondolea majaji hiari waliyopewa na sheria, na amemtisha mshtakiwa kwa adhabu ambayo si ya lazima. Kwa "shall be liable to" ningeandika "anaweza kuhukumiwa kifungo kisichozidi".

Nchini Kenya ile amri ya kwanza, iliyomfunga jaji mikono katika kesi za mauaji, ilifika Mahakama ya Juu. Tarehe 14 Desemba 2017 mahakama hiyo ikaamua kwamba ulazima wake unakiuka Katiba. Adhabu ya kifo haikufutwa. Kilichoondolewa ni ule ulazima uliobebwa na "shall".

Na Kenya hiyo hiyo ina mfano ninaoupenda kuliko yote, kwa sababu unaonyesha tofauti kati ya "shall" yenye mtu na "shall" isiyo na mtu. Katiba ya 2010, Ibara ya 81(b), inasema wajumbe wa vyombo vya umma vya kuchaguliwa, si zaidi ya theluthi mbili "shall be of the same gender". Isome tena kwa swali letu. Nani anaamriwa? Mpiga kura? Vyama? Tume ya uchaguzi? Bunge? Hakuna aliyetajwa. Ni idadi tu inayotakiwa iwe hivyo. Mwanasheria Mkuu akaomba ushauri wa Mahakama ya Juu, na tarehe 11 Desemba 2012 majaji walio wengi wakasema kanuni hiyo itatekelezwa hatua kwa hatua, Bunge likitunga sheria kabla ya tarehe 27 Agosti 2015. Jaji Mkuu Willy Mutunga alitofautiana na wenzake. Kwake kanuni ilipaswa kufanya kazi tangu uchaguzi wa 2013.

Muda ukapita, sheria haikutungwa. Ndipo ikaja zamu ya Ibara ya 261(7), iliyoandikwa kwa namna tofauti kabisa: Bunge likishindwa kutunga sheria ambayo mahakama imeliamuru liitunge, "the Chief Justice shall advise the President to dissolve Parliament and the President shall dissolve Parliament". Hapa watu wawili wametajwa kwa vyeo vyao, kila mmoja na "shall" yake. Tarehe 21 Septemba 2020 Jaji Mkuu David Maraga alitii ya kwake, akamshauri Rais Uhuru Kenyatta alivunje Bunge. Rais hakulivunja. Mahakama Kuu ilisimamisha utekelezaji wa ushauri huo, na Bunge likaendelea hadi uchaguzi wa Agosti 2022. Kwa maoni yangu, waandishi wa Ibara ya 81 walikosea pale walipoiacha amri bila mwenyewe. Theluthi moja ya viti si jambo dogo kwa wanawake wa Kenya, na walistahili sentensi inayosema nani afanye nini, na lini. Ibara ya 261 nayo inaonyesha kwamba hata amri yenye jina la mtu inahitaji mtu mwingine wa kuisimamia.

Kama una ndugu anayefuatilia mambo ya tabianchi, mweleze pia lililotokea Paris tarehe 12 Desemba 2015. Rasimu ya mwisho ya Mkataba wa Paris, Ibara ya 4.4, ilikuwa inasema nchi zilizoendelea "shall" ziendelee kuongoza katika kupunguza hewa ukaa. Wajumbe wa Marekani walipoiona wakakataa: wajibu wa kisheria wa aina hiyo ungehitaji idhini ya Baraza la Seneti, ambako kura za kuupitisha hazikuwapo. Kikao cha mwisho kikachelewa kwa saa kadhaa. Hatimaye ofisa wa sekretarieti alisoma orodha ya masahihisho, na miongoni mwake "shall" ikawa "should". Muda mfupi baadaye Laurent Fabius, waziri wa mambo ya nje wa Ufaransa aliyeongoza mkutano, akagonga nyundo. Mkataba ulipita kwa sababu wajibu uligeuzwa kuwa wito.

Hapo kuna mtego kwa sisi tunaofasiri. Wengi wetu tumezoea kuandika "zinapaswa" kwa "should". Lakini kupaswa kwa Kiswahili ni kuwajibika. Ukisema "unapaswa kulipa", mdeni wako hasikii ushauri. Kwa "should" ya mikataba na ya miongozo, "inafaa", "inashauriwa" au "ingefaa" ndiyo yenye uzito sawa. Anayefanya kazi kiwandani aliyewahi kushika hati za ISO, shirika la kimataifa la viwango, atanielewa haraka: humo "shall" ni sharti, na "should" ni pendekezo, kwa hiyo mkaguzi atakuandikia kasoro kwa la kwanza lakini si kwa la pili. Kwenye mkataba wako unaweza pia kukuta "Should the Employee resign". Hiyo haihusiani na ushauri wala wajibu. Ni "iwapo mwajiriwa ataacha kazi", basi.

Wenye Kiingereza chao wenyewe wameanza kulichoka neno hili. Katiba ya Afrika Kusini ya 1996 iliachana nalo ikatumia "must": dola "must respect, protect, promote and fulfil" haki za watu. Kanuni za mwenendo wa kesi za madai za mahakama za shirikisho la Marekani zilipoandikwa upya mwaka 2007 ziliondoa "shall" vilevile, na kila mahali waandishi wakalazimika kuamua kama walikuwa na maana ya "must", "may" au "should". Naunga mkono kazi hiyo kwa moyo wote. Mwandishi anayelazimika kuchagua hawezi tena kumwachia msomaji mzigo wa kubahatisha.

Sasa swali lako la mwisho, "atafanya" au "lazima afanye". Katika sheria zetu za Kiswahili, -ta- imepokelewa kuwa mwenzake wa "shall" tangu zamani. Katiba ya Tanzania, Ibara ya 33, inaanza "Kutakuwa na Rais wa Jamhuri ya Muungano", wala hakuna anayedhani ni utabiri. Tangu mwaka 2021, ile Sheria ya Tafsiri ya Sheria iliporekebishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama, kazi ya kufasiri sheria imekuwa kubwa, na -ta- imo kila ukurasa. Kwa wanasheria haina tabu. Kwa mtu wa kawaida ina tabu ile ile ya "shall": "mwajiri atalipa" inaweza kusikika kama habari ya siku zijazo, na wengine huisikia kama ahadi ya mdomo. Kwa mkataba unaosomwa na watu wa kila aina, mimi huandika "ni wajibu wa mwajiri kulipa" au "mwajiri analazimika kulipa" pale penye wajibu, na "mwajiriwa ana haki ya" pale penye haki. Ile -e niliyokuomba uikumbuke, "mwajiri alipe", ni amri safi na fupi, nzuri kwa agizo au tangazo la ofisini. Kwenye mkataba kati ya pande mbili zilizo sawa inasikika kama mmoja anamfokea mwenzake.

"Shall not" nayo usiichukulie wepesi. "The Employee shall not disclose" si "hatatoa siri" tu. Ni "haruhusiwi kutoa siri". Anayesikia "hatatoa" anaweza kudhani unamsifu kwa uaminifu.

Kwa hiyo mwenzako mwambie hivi: "Ni lazima nitoe notisi ya mwezi mmoja nikitaka kuacha kazi. Nina haki ya likizo ya mwaka. Mwajiri atajitahidi kulipa bonasi, lakini hakuahidi kuilipa. Na mkataba unafuata sheria za Tanzania." Kisha wewe rudi kwenye kifungu cha notisi uangalie kama mwajiri naye ametajwa, na kwa kitenzi gani. Kama kwako wameandika "shall give notice" na kwake wameandika "may terminate" bila kutaja notisi, mwombe akirekebishe kwa maandishi. Kwa mfanyakazi anayelipwa kwa mwezi, sheria ya 2004 inataka notisi isiyopungua siku 28 baada ya mwezi wa kwanza wa kazi, na mwajiri naye anabanwa nayo kama wewe.